Get, receive, become au reach? Namna ya kuchagua ukiwa unawaza kwa Kiswahili

Kitenzi cha Kiingereza kinachowasumbua zaidi watu wazima ninaowafundisha jioni hapa Sinza kina herufi tatu tu: "get". Waliomaliza kidato cha nne wanakijua tangu zamani, na kila mmoja ukimuuliza maana yake atakujibu papo hapo kwamba ni kupata. Jibu hilo ni la kweli, ila linatosha kwa sehemu ndogo ya kazi za kitenzi hiki. Sehemu iliyobaki wanakutana nayo kazini: mpokea wageni wa hoteli, muuza vipuri wa Kariakoo, dereva wa watalii, kijana anayejiandaa na usaili.

Ulinganisho huu nimewaandikia wao. Nitaiweka "get" pembeni ya vitenzi vinavyogombea nafasi yake, na kila mahali nitasema ningechagua kipi. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: acha kukariri maana za "get" kama orodha ya miji mikuu, tazama kinachoifuata. Ikifuatwa na jina la kitu inafanya kazi moja, ikifuatwa na kivumishi inafanya nyingine, ikifuatwa na mahali ni nyingine tena, na ikifuatwa na mtu kisha "to" ni jambo jingine kabisa.

Wazo la kutazama kinachofuata kitenzi lina historia yake. A. S. Hornby, Mwingereza aliyekwenda kufundisha Japani miaka ya 1920, aliamini kwamba mwanafunzi anayejua maana ya kitenzi bila kujua kinakaaje ndani ya sentensi bado hajakijua. Kamusi aliyoitunga na wenzake wawili ilichapwa Tokyo mwaka 1942, na mwaka 1948 Oxford University Press ikaitoa upya. Kamusi za wanaojifunza Kiingereza bado zinafuata njia hiyo. Ukifungua mojawapo kwenye "get", utaona kabla ya kila maana kuna maelezo mafupi ya umbo la sentensi. Watu huyaruka. Ndiyo ya kusomwa kwanza.

Kupata ambako si "get"

Nianze na upande ambao wengi hawauangalii. Kiswahili nacho kina kitenzi kinachobeba mizigo mingi, na ni huyo huyo kupata. Tunapata ajali, tunapata mtoto, tunapata shida, tunapata hela, tunapata chai. Anayepachika "get" kila penye kupata anaharibu sentensi zake bila kujua.

"I got an accident" naisikia kila mara, hata kwa wenye shahada. Kwa Kiingereza ni "I had an accident", na kama ulikuwa abiria tu, "I was in an accident". Kupata mtoto ni "have a baby". Ukisema "My sister got a baby", msikilizaji anaweza kudhani dada yako ameletewa mtoto wa kumlea.

Kupata shida kuna mtego mbaya zaidi. "I had trouble finding the office" maana yake nilihangaika kuipata ofisi. "I got into trouble" maana yake niliingia matatani, kuna kosa nililofanya. Mtu aliyechelewa usaili kwa foleni ya Mbagala akachagua sentensi ya pili badala ya ya kwanza, amejishtaki kabla hajavuta kiti.

Kupata hela, kama ni mshahara, ni "earn". Kama ni biashara, ni "make money". "Get" hapo inaeleweka, ila haisemi kwamba umezitolea jasho. Kwenye chakula tofauti ni ya kila siku: "have lunch" ni kula, "get lunch" ni kwenda kukitafuta. Na mwenzako wa ofisini akisema "I'll get lunch today" mkiwa mmeshakaa mezani, mshukuru, anamaanisha bili ni yake.

Ugonjwa unakubali "get" pale unapoanza: "I got malaria in March". Ukiwa unaumwa sasa hivi ni "I have malaria". Na kwenye hesabu lugha zetu mbili zinakutana vizuri: tunaposema "tunapata x = 5", mwalimu wa sekondari anasema "we get x = 5", na kitabu, kwa sauti yake ya ukali kidogo, kinaandika "we obtain".

Get, receive, obtain

Tukiwa kwenye "obtain", hapa wengi wanakosea kwa kutaka kuonekana wasomi. Mwanafunzi mmoja alimwandikia bosi wake kwenye WhatsApp: "I have obtained your message." Sentensi hiyo inachekesha kwa Mwingereza kwa sababu "obtain" ni kukifuata kitu mpaka ukipate, aghalabu kwa utaratibu fulani: leseni ya biashara, kibali cha ujenzi, shahada, taarifa kutoka ofisi ya serikali. Ujumbe wa bosi hukuufuata popote, ulikujia.

Kilichokujia kutoka kwa mwingine ni "receive": barua, mshahara, mzigo, malalamiko ya mteja, pesa iliyotumwa kwa simu. Mpokeaji hana kazi, anafikiwa tu. "Get" inabeba zote mbili na haijali ulikimbia au ulikaa, ndiyo maana inafaa sana kwenye mazungumzo na inapwaya kwenye barua.

Ningechagua hivi. Kwenye simu na WhatsApp, "Did you get my message?" na jibu lake "Got it, thanks". Kwenye barua pepe ya kazi, "I have received the documents". Kwenye barua ya maombi ya kazi, "I obtained my diploma in 2019", na "received" nayo si vibaya kwa cheti. Mzigo wa bandarini una kitenzi chake, "clear", na wakala wa forodha yeyote atakushangaa ukisema umeu-"obtain".

Nililowa na nilikuwa nimelowa

Sehemu hii naipenda kuliko zote, kwa sababu Kiswahili ndicho kinachoifungua.

Tazama vitenzi hivi: kuchoka, kulewa, kukasirika, kunenepa, kuzeeka, kulowa, kupotea. Kila kimoja kina mabadiliko ndani yake. Mtu alikuwa hivi, sasa yuko vile, na neno moja limemaliza kazi. Kiingereza kwa kawaida hugawa kazi hiyo kwa maneno mawili: "get" inabeba mabadiliko, kivumishi kinabeba hali. Get tired, get drunk, get angry, get fat, get old, get wet, get lost. Kwa kuwa sisi hatuna neno la pekee la yale mabadiliko, wanafunzi wengi hawaioni "get" inapohitajika. Wanaweka "be" kila mahali.

"I am tired" ni sawa kwa nimechoka. Lakini nachoka haraka siku hizi si "I am tired quickly these days". Ni "I get tired quickly". Na mvua ya masika ikikukuta Jangwani huna mwavuli, unasema "I got wet", yaani nililowa. Ukisema "I was wet", umesema nilikuwa nimelowa: picha yako ukiwa unachuruzika maji, bila kueleza kilichotokea. Kwa Kiswahili tofauti hiyo tunaionyesha kwa viambishi vya wakati, na hakuna anayetufundisha, inatoka yenyewe mdomoni. Kwa Kiingereza tofauti hiyo hiyo inakaa kwenye uchaguzi kati ya "get" na "be": tukio au hali. Wanafunzi wakishaona hivyo, makosa yanapungua upesi. Wajaribishe wenyewe: kabla ya kusema, sema kwanza moyoni kwa Kiswahili. Ikija li- peke yake, chagua "got". Ikija nilikuwa nime-, chagua "was". Si sheria isiyo na matobo, lakini inakufikisha mbali.

Sasa wapinzani wa "get" hapa ni "become", "go", "turn" na "grow", na hawabadilishani ovyo.

"Become" ndiyo pekee kati yao ya kuitegemea mbele ya jina la mtu au cheo. "He became a manager", akawa meneja. "He got a manager", amepata mtu wa kumsimamia. Mbele ya kivumishi, "become" ni ya maandishi na mambo mazito: "The situation became serious." Kwenye mazungumzo ya mwili, hisia na hali ya hewa, "get" inakaa vizuri zaidi: "It's getting dark", giza linaingia, "It's getting late", muda umekwenda.

"Go" ni ya kuharibika. Samaki wa Feri uliyemsahau kwenye mfuko mpaka jioni "has gone bad", na si "has got bad". Maziwa yaliyochacha "has gone sour". Akili, macho na nywele pia: go mad, go blind, go bald. Muuza chakula au mhudumu wa mgahawa aishike hii, maana mteja akilalamika kuhusu chakula atatumia hiyo.

"Turn" ni ya rangi na umri. Taa za Morocco "turned green", na binti yako "turned eighteen". "Grow" ni ya polepole, na nje ya "grow old" unaweza kuishi miaka bila kuihitaji.

Kufika: get to, reach, arrive

Kufika kwetu ni kimoja, na mahali hujieleza penyewe: nimefika ofisini, nimefika Dodoma, nimefika. Kiingereza kina vitenzi vitatu vya kawaida, kila kimoja na tabia yake ya kushika mahali.

"Get" inataka "to": "I got to the office at eight." Isipokuwa nyumbani, hapa na pale: get home, get here, get there, bila "to". "Reach" haitaki chochote katikati: "I reached the office." Kosa la "I reached to the office" au "reached at home" limeenea mjini kiasi kwamba wengi wanalichukulia kuwa sahihi. "Arrive" inataka "at" kwa jengo, kituo au uwanja wa ndege, na "in" kwa mji au nchi: "We arrived at the airport", "We arrived in Dodoma". Nyumbani ni "arrive home".

Nani achague nini? Treni ya SGR iliyoanza safari za abiria mwaka 2024, ratiba za ndege na matangazo yote ya usafiri ni mahali pa "arrive". Ukimsimulia rafiki foleni ilivyokuwa, "get to": "I didn't get to Mwenge until nine." "Reach" naiweka kwa safari yenye lengo au taabu. Mwongoza watalii aliyepanda na wageni mpaka mita 5,895 anasema kwa haki yake, "We reached Uhuru Peak".

Na lile neno letu la simu, nimefika, usilifanye "I have reached" ukiongea na mgeni. Huku Afrika Mashariki tutaelewana, ila Mwingereza anabaki anasubiri umalizie umefika wapi. Mwambie "I'm here".

Kupanda na kushuka

Hapa Dar ni darasa tosha, kwa sababu usafiri wetu ni wa kila aina. Kupanda na kushuka kwa Kiswahili hakuulizi chombo. Kiingereza kinauliza: unaingia ndani na kukaa, au unakanyaga na kupanda juu yake?

Bajaji, teksi na gari la mtu binafsi ni "get in" na "get out of". Basi, treni, pantoni la Kigamboni, ndege na mwendokasi ni "get on" na "get off". Bodaboda na baiskeli pia ni "get on" na "get off", kwa kuwa unakaa juu yake. Daladala niiweke wapi? Hata ile Hiace unayoinama mpaka kiti cha nyuma, mimi nafundisha "get on", kwa sababu ni chombo cha abiria wote chenye njia yake na vituo vyake.

Abiria anapiga kelele "Shusha!" na konda anagonga bati. Ukitaka kumsimulia mgeni ulishuka wapi, sema "I got off at Mwenge". "I dropped at Mwenge" ni kosa la kila siku, nalo linamaanisha ulidondoka. "Drop" ni kazi ya dereva: "Please drop me at Mwenge", nishushe Mwenge. Yeye anakushusha, wewe una-"get off".

Simu ya mteja kwa fundi

Mmoja wa wanafunzi wangu anauza simu Mtaa wa Aggrey. Akipokea simu mbovu, anampelekea fundi ghorofa ya juu, kisha anamjulisha mteja. Siku moja mteja wake, mgeni, aliandikiwa: "I repaired your phone." Mgeni akafika na maswali: umebadilisha nini, betri ni ya kampuni gani, kioo umekifungua? Kijana hakuwa na jibu hata moja, na mgeni akaanza kumtilia shaka. Hakuwa amedanganya. Alisema kwa Kiingereza kile ambacho kwa Kiswahili tunakisema hivi hivi, nimetengeneza simu yako, na kila mtu hapa anaelewa kwamba kuna fundi.

Sentensi aliyoihitaji ni "I got your phone repaired". Umbo lake ni hili: get, kitu, kisha umbo la tatu la kitenzi. "I got my hair cut", nimenyolewa. "I got my hair braided", nimesukwa. "She got a dress made for the wedding", ameshonesha gauni la harusi. Kiswahili kina zana zake za kusema hivi, kiambishi cha kushonesha na kutengenezesha, na kiambishi cha kunyolewa na kushonewa, ila mazungumzoni tunaviacha mara nyingi. Kiingereza cha kazini hakikusamehe kirahisi hivyo. Kwenye usaili, "I repaired the generators" inasema mikono yako ndiyo iliyofungua nati. Kama kazi yako ilikuwa kutafuta fundi na kuhakikisha jenereta linawaka, "I had the generators repaired".

Nimesema "had", maana ndiye mpinzani wake wa karibu. "I got the car repaired" na "I had the car repaired" zinaeleza jambo moja. "Got" ina harufu ya kuhangaika, ulizunguka mpaka ukafanikisha. "Had" ni tulivu, uliagiza ikafanyika. Kwenye ripoti chagua "had". Ukimsimulia mwenzako baada ya siku tatu za kuzungushwa, "I finally got the car repaired" itapoza moyo wako vizuri zaidi.

Palepale jirani pana kosa ambalo ni lazima nilitaje. Niliibiwa simu wengi wanaitafsiri "I was stolen my phone". Kiswahili kinaruhusu aliyeibiwa asimame mbele na simu ibaki nyuma, kwa nguvu ya kile -i- kidogo cha -ibiwa. Kiingereza hakina kiambishi hicho. "I was stolen" ni niliibwa, yaani mimi mwenyewe nilichukuliwa kama mzigo. Chaguo salama, na la kuandika kwenye taarifa ya polisi, ni "My phone was stolen". Ukitaka wewe ubaki mbele, "I had my phone stolen". Ukiporwa kwa nguvu, "I was robbed".

Kumfanya mtu afanye

"Nilimsubirisha dereva." Kwa Kiswahili tumemaliza, mazingira yatasema mengine. Kwa Kiingereza lazima uchague, na uchaguzi wako unaeleza uhusiano wako na dereva huyo.

"I got the driver to wait": nilimbembeleza, au nilimwongezea kidogo, akakubali.
"I made the driver wait": hakuwa na hiari, pengine mimi ndiye niliyechelewa.
"I had the driver wait": nilimwagiza, ni dereva wa ofisi na hiyo ni kazi yake.
"I let the driver wait": alitaka kusubiri, sikumzuia.

"Get" peke yake ndiyo inayotaka "to". "I made him to wait" ni kosa linalosikika hata kwenye mikutano mikubwa. Na kwenye usaili, "get" hii ni hazina. Mtu wa manunuzi akisema "I got the supplier to lower the price", amejisifu kwa ustadi wa kushawishi bila kutumia neno la kujisifu. Akisema "I made the supplier lower the price", anasikika mbabe. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo anajua bei haishushwi kwa ubabe, kwa hiyo hapa sina shaka: chagua "get".

Get paid, be paid, na ndoa

"I got paid yesterday" na "I was paid yesterday" zote ni nimelipwa. Ya kwanza ni ya mdomoni na ni tukio, ya pili inafaa popote. Hivyo hivyo get promoted, get fired, get caught. Kwenye ripoti rudi kwa "was". Ila hali ya kudumu haikubali "get" hata kidogo: nyumba "is owned by" mtu fulani, mji "is known for" jambo fulani.

Ndoa inahitaji uangalifu wa pekee. Kuoa na kuolewa kwa Kiingereza ni "marry" tu, kwa mume na kwa mke. Neema "married" Juma, Juma "married" Neema. Ukitafsiri Neema ameolewa na Juma kuwa "Neema was married by Juma", umesema Juma ndiye padri au shehe aliyewafungisha ndoa. "Neema got married to Juma" ni sawa, na ni "to", si "with". "With" inakuja kwa watoto: "married with two children". Tukio ni "They got married in 2021", hali ni "They have been married since 2021". Ni ile ile tofauti ya kulowa na kuwa umelowa.

Unanipata?

Mtaani tunasema nimekupata, na Kiingereza kinasema "I get it" au "Got it". Bahati nzuri adimu. Lakini unanipata, swali la kirafiki kabisa kwetu, likiwa "Do you get me?" kwa mteja au mkubwa wa kazi linasikika kama unampima akili. Muulize "Does that make sense?" Na kama wewe ndiye hukuelewa, epuka "I don't get you", ambayo inaweza kusikika kama unamlaumu. "Sorry, I didn't get that" ina adabu yake. "Understand" inabaki ya darasani, ya mkataba na ya pole za kweli: "I understand how you feel".

Have got, got to, gotten

"I've got two children" ni nina watoto wawili, na si nimepata. Umbo limevaa nguo za wakati uliopita lakini linazungumzia sasa. Konda akimuuliza Mwingereza una chenji, ni "Have you got change?" Kwa mwanafunzi, "have" peke yake ni salama siku zote, na ukirudi nyuma kwa wakati ni "I had".

"I've got to go" ni inabidi niondoke. "I got to go to Zanzibar" ni nilipata fursa ya kwenda Zanzibar. Na "I got to Zanzibar" ni nilifika. Maneno yaleyale karibu yote, na mara hii pia kinachofuata ndicho kinachoamua: kitenzi au mahali.

Kuhusu "gotten", swali ninaloulizwa na kila anayeangalia video za Marekani: si kosa. Mzizi wa "get" uliletwa Uingereza na wasafiri wa Skandinavia, kutoka "geta" ya lugha yao ya kale, na umbo "gotten" ni la zamani. Waingereza wameliacha zaidi, isipokuwa kwenye maneno kama "forgotten" na "ill-gotten", Wamarekani wakalishika. Kwao linafanya kazi nzuri: "I've got a car" ni nina gari, "I've gotten a car" ni nimepata gari. Shule zetu zinafuata Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo kwenye mtihani andika "got". Ukifanya kazi na Wamarekani na likakutoka "gotten", hakuna atakayeshtuka. Na kwenye barua ya kazi, iwe ya London au ya Chicago, andika "received", swali lenyewe halitazuka.